Taa tatu ndogo ndani ya nyumba ya mbao

Goma, Kivu ya Kaskazini – Kwa kawaida hapa nawaletea habari za kartie: bei ya makala, bomba zilizokauka, barabara iliyokatwa na mvua. Leo naomba muniruhusu niseme habari ya nyumba yangu mwenyewe. Ni habari ya taa. Najua wako watakaosema: watu hawana unga, na huyu anatuletea mambo ya taa. Na mimi ningesema hivyo hivyo, kama yale ya mwaka 2024 hayangenifikia.

Ninaishi magharibi mwa mji, upande wa barabara ya kwenda Sake. Nyumba yangu ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano, sawa na nyumba nyingi za hapa. Ina vyumba viwili na salon. Kwa nje, mbao tulizipaka mafuta machafu ya gari ili mvua isizioze. Kwa ndani tulibandika makaratasi ya mifuko ya simenti ili baridi isipite kwenye nyufa. Mwenye kukaa Goma anaijua baridi yetu ya usiku. Mji uko karibu mita 1500 juu ya bahari.

Katikati ya salon niliweka ampuli moja, na nilikuwa na majivuno nayo. Ilikuwa nyeupe na kali. Siku umeme ulipokuwepo, hata mpita njia alijua kwamba kwa huyu bwana kuna kurant. Kwetu hapa, karibu na ikweta, jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache karibu mwaka mzima, na giza halichelewi. Basi mangaribi naiwasha ile ampuli, na tunakaa chini yake mpaka saa ya kulala. Watoto walifanya kazi za shule hapo, bibi yangu alichambua maharagi hapo. Mawazo yangu yalikuwa moja tu: taa ikiwa kali, nyumba ni nzuri.

Mwezi wa pili 2024, vita ilipokaribia Sake, watu wengi sana walikimbilia Goma. Kati yao alikuwa dada yangu mdogo na watoto wake wanne, pamoja na mama mkwe wake, mzee ambaye sisi sote tunamwita Koko. Shemeji alibaki nyuma kutafuta mbuzi wake, akafika juma moja baadaye bila mbuzi. Majirani wao walienda kusimamisha mabashi Bulengo na Lushagala. Wao walikuja kwangu. Tulikuwa watu watano, tukawa kumi na mmoja, na shemeji alipofika tukawa kumi na wawili. Salon ikageuka chumba cha kulala, matela moja na mikeka ukutani hadi ukutani.

Mtoto wa tatu wa dada yangu ni msichana. Wakati ule alikuwa na miaka saba. Tunamwita Kadogo. Tangu wafike, alikuwa hasemi zaidi ya maneno matatu kwa siku. Mchana alienda kuchota maji na wenzake bila shida. Shida ilikuwa usiku.

Munaujua umeme wetu: unaenda bila kuaga, unarudi bila kubisha hodi. Mtu anasahau kuzima swichi, analala. Saa saba ya usiku kurant inarudi, na ampuli inawaka ghafla juu ya vichwa vya watu. Mara ya kwanza ilipotokea hivyo, Kadogo alipiga kelele mpaka nikafikiri mwizi ameingia. Nilimkuta chini ya meza, amefunika uso kwa mikono miwili, amejikojolea. Nikamwambia dada yangu, "Mtoto anaogopa giza." Kesho yake nikaenda Birere, nikanunua torshi kubwa ya kuchaji, nyeupe kuliko hata ampuli, nikaitundika ukutani iwake usiku kucha kila mara kurant inapoenda. Nilijiona mjomba mwema.

Mtoto hakulala siku tatu. Na sisi wakubwa hatukulala vizuri. Bibi yangu akaanza kujibu kwa ukali. Dada yangu akaanza kusema, "Yaya, afadhali twende Bulengo kwa wenzetu." Mimi nikasema moyoni: nimewapa fasi ya kulala, nimewapa hata taa, na bado hawana shukrani. Naliandika hili bila kujificha, kwa sababu najua familia nyingi zilizopokea watu zimepita hapo hapo.

Siku ya nne, asubuhi mapema, Koko alinikuta nje nikipiga mswaki. Akakaa juu ya jiwe, akaniambia, "Baba, ile taa yako ni taa ya watu wa bunduki." Sikuelewa. Ndipo akanieleza jambo ambalo dada yangu hakuweza kunieleza. Usiku ule kabla ya kukimbia, watu waliingia nyumbani kwao na matorshi, wakawamulika usoni mmoja mmoja. Hawakuona ni nani ameshika torshi, waliona mwanga tu. Kadogo alikuwa amelala karibu na mlango, basi yeye ndiye aliyemulikwa wa kwanza.

"Mtoto haogopi giza," Koko alisema. "Gizani ndimo tulimopita tukapona."

Nilirudi ndani nikaishusha ile torshi. Lakini siku hiyo hiyo nikafanya kosa la pili. Nilisema, basi tuache umeme, tuwashe mishumaa, ile tunayoita buji. Usiku wa kwanza kila mtu alifurahi. Mwanga ulikuwa wa njano, sura za watu zilionekana laini, na Kadogo alikubali kukaa nasi mpaka chakula kikaisha. Usiku wa pili niliweka buji juu ya kifuniko cha kopo, kando ya matela ya watoto, kisha nikasinzia. Upepo mdogo ulipita kwenye ufa, ukasukuma chandarua.

Niliamshwa na harufu. Bibi yangu alikuwa tayari amekivuta chandarua chini, anakikanyaga, na anakimwagia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo. Tulipoteza chandarua, na yeye aliungua kidogo mkononi. Kovu liko mpaka leo. Lakini munazijua nyumba zetu: mbao, karatasi, mafuta ya gari, na jirani yuko hatua mbili. Mara ngapi nimeandika hapa habari ya moto ulioanzia kwenye buji moja ukala nyumba za watu? Safari hii ingekuwa habari yangu mwenyewe. Tangu siku ile hakuna buji ndani ya nyumba yangu. Na kwa wale wanaolala ndani ya bashi, ambapo ukuta wote ni plastiki, hilo nalisema mara mbili.

Siku ya posho Koko alituita, mimi na bibi yangu. Akasema, "Kwetu kijijini hakuna mtu aliyekaa chini ya mwanga. Tulikaa kuuzunguka." Akaeleza namna ilivyokuwa jikoni kwake. Moto uko chini, katikati. Unamulika miguu na sura, haumuliki paa. Kadiri usiku unavyoenda, moto unapungua polepole, na watoto wanalala pamoja nao. Anayepika ana taa yake ndogo karibu na mkono. Na mlangoni kuna mwanga kidogo, wa mwezi au wa kopo la utambi, ili anayetoka asikanyage anayelala. "Taa moja kali kule juu," alisema, "ni ya dispansari. Pale mtu anakaa akingoja kuitwa, halafu anarudi kwake."

Nilikumbuka mwaka 2021. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 mwezi wa tano, na tarehe 27 tukaambiwa tutoke katika sehemu kubwa ya mji. Familia yangu ililala Sake, ndani ya darasa la shule, watu wengi sakafuni, na taa kali ya jenereta inatuwakia mpaka asubuhi. Waliotuwekea ile taa walifanya kwa wema. Lakini nakumbuka bibi yangu alitoka na watoto, akawalaza kwenye baraza, gizani, na ndipo walipopata usingizi. Nilikuwa nimeliona jambo lenyewe kwa macho yangu miaka mitatu kabla, na sikujifunza.

Basi tukaanza kutengeneza, na hatukutumia pesa nyingi. Naeleza kipande kwa kipande, kwa sababu yako yanayoweza kufanyika hata katika nyumba ya kukodi, hata ndani ya bashi.

Taa ya kwanza ni ya chini, ya kukaa. Tulikuwa na taa ndogo ya jua, ile inayochajiwa mchana kwa sahani yake. Mwanga wake ni mweupe, wa baridi. Koko aliomba bidoni ya mafuta ya kupikia, ya lita tano, ile ya njano. Shemeji akakata kitako chake kwa kisu. Tukaosha bidoni, tukaifunika juu ya taa, tukaiweka sakafuni katika kona. Ule mweupe ukatoka rangi ya asali. Mwanga ukaenea ukutani na sakafuni bila kuchoma macho ya mtu. Lakini angalieni: hii ni kwa taa ya jua au torshi ya LED tu, kwa sababu haipati moto mkali. Msithubutu kuweka bidoni juu ya buji au taa ya petroli.

Taa ya pili ni ya kazi. Inakaa mezani, imeelekezwa kwenye daftari au kwenye sindano, haielekezwi kwenye watu. Nilijifunza kwamba taa ndogo iliyo karibu inashinda kubwa iliyo mbali. Ukisogeza taa mpaka nusu ya umbali, mwanga unaofika kwenye karatasi unakuwa karibu mara nne. Kwa hiyo mwanafunzi hahitaji ampuli kali ya kumulika nyumba nzima, anahitaji taa yake ndogo karibu na kitabu. Kazi ikiisha, hiyo inazimwa. Watoto wamelizoea: taa ya mezani ikizimwa, maana yake siku imekwisha.

Taa ya tatu ni ya mlango. Ni dhaifu kuliko zote. Tuligeuza uso wake uangalie ukuta, na hapo ukutani tukatundika mfuko mweupe wa unga uliooshwa. Ukuta wetu wa karatasi ya simenti unameza mwanga, lakini mfuko mweupe unaurudisha. Wenye ukuta wa udongo au wa simenti wanaweza kupaka chokaa, inafanya kazi ile ile. Hii taa inakaa usiku kucha. Mtu akienda choo hakanyagi watoto, na anayeingia anaonekana ni nani kabla ya kumfikia aliyelala. Hilo la mwisho ndilo Kadogo alilihitaji.

Na ile ampuli yangu ya majivuno? Niliitoa. Nilipoenda kununua nyingine, niliuliza kwa nini mbili za bei moja hazifanani. Muuzaji akanionyesha maandishi ya kwenye boksi, ambayo miaka yote sikuwa nimeyasoma. Iliyoandikwa *blanc chaud*, na namba 2700 K au 3000 K, inatoa mwanga wa njano kama wa jioni. Iliyoandikwa *lumière du jour*, au 6500 K, inatoa mwanga wa mchana wenye rangi ya buluu ndani yake. Mwanga wa namna hiyo unaambia ubongo kwamba bado ni mchana, na homoni ya usingizi, melatonini, inachelewa kutoka. Kwa duka au karakana ni sawa. Kwa chumba wanamolala watu kumi na wawili, mimi nachukua ya njano, ya wati tano. Na kijana wangu mkubwa alipewa kazi moja: kila usiku, kurant iwepo isiwepo, azime swichi kabla ya kulala. Tangu hapo hakuna mwanga uliotuangukia usingizini.

Jambo moja Koko tulimkatalia. Alitaka babula iingie ndani usiku, kwa joto na kwa ile rangi nyekundu ya makala aliyoipenda. Bibi yangu, ambaye kwa kila kitu kingine anamsikiliza, alisema hapana. Makala yanapowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, na mtu anaweza kulala asiamke. Koko alinuna siku mbili. "Mbona kwetu hatukufa?" akauliza. Bibi yangu akamjibu kwa heshima, "Koko, jikoni kwenu paa lilikuwa la nyasi, moshi ulipita. Hapa tumeziba kila ufa kwa karatasi." Mwishowe tulikubaliana babula ikae nje, mbele ya mlango, na sisi tuizunguke pale mpaka makala yaishe, halafu tuingie. Ikawa ndiyo saa nzuri kuliko zote za siku. Hapo ndipo dada yangu alianza kumsimulia bibi yangu safari yao, kidogo kidogo, kila jioni kipande.

Sitasema mtoto alipona siku moja. Aliendelea kuamka. Lakini alikuwa anaamka, anaangalia mlango, anaona mwanga mdogo na kwamba hakuna mtu, analala tena. Jioni moja, katika juma la tatu, watoto wote walikuwa wamejikusanya kuzunguka bidoni ya njano, wanacheza na vivuli vya vidole. Kutoka juu ya kartie yetu ziwa linaonekana, na usiku taa za wavuvi wa sambaza zinawaka juu ya maji. Munajua wanashusha taa ili samaki wazifuate. Kadogo alituangalia sote, akasema, "Mjomba, sisi ni sambaza." Dada yangu alitoka nje haraka. Nilimfuata nikamkuta anacheka na kulia pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto kufanya mzaha tangu watoke nyumbani.

Baadaye nilipotembelea Bulengo kwa kazi yangu, nilieleza wamama hii habari ya bidoni. Na wao wakanifundisha jambo ambalo sikulijua. Ndani ya bashi, taa ikiwa juu au nyuma yako, kivuli chako kinaonekana nje, na kila mpita njia anaona mama anavua nguo au anahesabu pesa. Kwa hiyo wao wanaweka taa chini kabisa, na wanatundika kikwembe kwenye ukuta unaoelekea njia. Nikafahamu kwamba mwanga wa chini ni raha, na pia ni usiri na usalama.

Hilo tulilipima sisi wenyewe mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia ndani ya Goma. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Tulilala sakafuni siku kadhaa, mbali na madirisha, tukisikia risasi zinapita juu ya mabati. Hatukuthubutu kuwasha kitu kinachoonekana nje. Taa ya mezani na ya mlango tulizizima. Ile ya bidoni tuliiweka chini ya meza, nyuma ya mifuko ya nguo, tukaifunika kikwembe nusu. Ilitosha kuonyesha kwamba sote tuko, kumi na wawili. Kila mlio mkubwa ulipopita, Kadogo alihesabu watu kwa sauti ya chini, akawaambia wadogo, "Wote wako." Mimi mwenyewe, mtu mzima, nilikuwa nangoja hesabu yake.

Mwezi uliofuata kambi za pembeni ya mji ziliondolewa, na watu wengi walirudi walikotoka, wengine kwa kupenda, wengine kwa kukosa fasi nyingine. Dada yangu na shemeji nao wakaamua kurudi. Walipofunga mizigo, nilimwambia dada achague kati ya matela na sufuria kubwa, gari halikuwa na nafasi. Kadogo hakuuliza mtu. Alichukua bidoni ya njano na taa yake, akapanda navyo mapajani.

Nyumba yao waliikuta bila mabati. Nusu ya paa leo ni bashi. Juma lililopita nilizungumza nao kwa simu, nikauliza habari za Koko, za shamba, za mvua. Dada yangu akasema mvua inaingia upande mmoja, basi wanalala wote upande wa pili, na kila jioni Kadogo ndiye anayeamua taa ikae wapi. Koko aliomba simu. Akauliza kama bibi yangu bado anakataa babula. Nikamwambia bado. Akacheka.

Kwangu kona ilibaki tupu siku chache. Kisha mafuta ya kupikia yakaisha, na kabla sijasema kitu nilimkuta kijana wangu ameketi nje na kisu, anakata kitako cha bidoni.

Ninyi munaokaa kwenye nyumba za watu, kwenye bashi, au mumerudi kwenye kuta zisizo na paa, tuambieni na ninyi munafanyaje usiku ukiingia. Mukituletea, tutawasomea wenzenu.